Keki Iliyozuia Safari

Safari ilikuwa imeiva tangu saa mbili asubuhi, na kilichoizuia ni keki.

Wanaume walikuwa wamejaa nje. Ndani, mwenye koti la reli alikuwa amekingamisha fimbo kwenye mlango wa mbele, na hakuna aliyethubutu kuiruka. Kisha akaja uani akiburuta mguu wa kushoto, akavuta kigoda, akakaa karibu kabisa na mafiga.

"Bibi we, tangawizi hiyo unaitwanga au unaibembeleza?"

"Naitwanga, Baba Tatu," Swaumu akajibu.

"Miaka ishirini na sita unanipa keki imepoa kama maji ya mtungi. Leo iwashe. Naenda mbali."

Wanawake waliokaa mkekani walicheka, kisha wakajifunika nyuso kwa kanga. Tatu, binti wa nyumba hiyo, hakucheka. Alikuwa akipepea makaa, na mwenye koti hakumtazama hata mara moja.

Swaumu akaongeza tangawizi. Akatia mdalasini, karafuu zilizosagwa, samli, mayai mawili na asali kiasi. Halafu akapeleka mkono nyuma ya gunia la mkaa, akatoa kopo la sukari.

"Kumbe ipo," mwenye koti akawaambia wanawake. "Mnaiona? Juzi niliambiwa nchi nzima haina sukari."

Swaumu akazamisha kijiko ndani ya kopo. Yalikuwa kweli hayo, na nyumba nzima ilikuwa imeyasikia alfajiri yakitoka kinywani mwa Swaumu mwenyewe. Juzi Selemani aliomba keki ya tangawizi, ile aliyokuwa akifungiwa kila alipopanda treni kwenda kazini, na yeye Swaumu akamjibu kwamba sukari ya kupanga foleni haipotezwi kwa mtu asiye na safari. Selemani akasema, "Haya," akageukia ukutani. Jibu hilo ndilo lililokuwa likimkata sasa. Alitaka jambo moja tu, mume wake asiondoke na kinyongo.

"Na lori la kijiji?" akauliza bila kuinua macho. "Wamesema tarehe kumi wote tuwe tumefunga mizigo, twende kijiji kipya Ntalikwa. Nitafunga na nani?"

"Mtapanda wenyewe. Mimi na ujamaa ndio tumeachana leo."

Mkeka mzima ukacheka. Shaban, mdogo wake Selemani, akachungulia kwa juu ya fimbo. "Jamani, watu wanangoja. Jua linapanda."

"Mwenye haraka atangulie yeye," mwenye koti akasema.

Shaban alicheka mpaka akashika mwimo wa mlango, na alipomaliza kucheka alikuwa anafuta macho.

Keki ikaingia kwenye sufuria, sufuria ikakaa juu ya mchanga wa moto, bati likafunika, makaa yakawekwa juu ya bati. Moto juu, moto chini, na hapo hakuna la kufanya ila kungoja. Ulikuwa mwezi wa nane, miombo inapukutisha majani, na upepo ukayaleta mpaka uani. Harufu ya asali na tangawizi ikapanda. Watu wakaanza kunyamaza mmoja mmoja.

Mwenye koti peke yake ndiye hakutulia. Alikohoa kikohozi kirefu cha kuvuta mwishoni, akiwatazama wanawake. Tatu akaacha kupepea.

"Pepea, mama," akamwambia. "Baba yako akisafiri na keki mbichi atasumbuliwa na tumbo."

Tatu akapepea.

Bati lilipofunuliwa, keki ilikuwa imeungua upande mmoja. Swaumu akakata kipande cha katikati, akapiga magoti, akakitoa kwa mikono miwili.

"Baba Tatu, unaondoka una kinyongo?"

Mwenye koti akakipokea. Alitafuna taratibu, kikiwa bado cha moto, machozi yakimlengalenga.

"Imeungua."

"Najua."

"Na tangawizi imezidi."

"Wewe ndiye uliyeitaka hivyo."

Akamaliza kipande chote, akalamba na vidole. Safari hii hakuna aliyecheka.

"Sina kinyongo," akasema, na sauti yake ikawa ya chini. "Kopo nilikuwa nalijua lilipo. Nilikuona siku unalificha. Nilinyamaza maana nilijua unamwekea mtoto, asifike ugenini mikono mitupu. Ningekuwa mimi ningeficha vilevile."

Swaumu akainamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa goti la yule mtu. Alikaa hivyo muda, na mwenye koti akamwacha akae.

"Hurudi?"

"Sirudi, bibi. Nipishe niende. Watu wamechoka kusimama."

Akainuka, akaenda mbele akiburuta mguu, akaondoa fimbo mlangoni. Wanaume wakavua viatu, wakaingia.

Lori lilikuja tarehe kumi na mbili. Nyumba yao ya pale Itetemia ilibomolewa kuanzia paa. Shaban alipewa ghala la kijiji alitunze, akaliacha baada ya msimu mmoja, akaenda Kigoma na hakuandika barua. Tatu aliolewa Nzega, akazaa watano. Swaumu aliishi Ntalikwa miaka kumi na minane, hakuolewa tena. Mfaume, Mzaramo mshona viatu wa sokoni, mtani wa ukoo aliyemwigiza marehemu kama watani wafanyavyo msibani, alilivua koti lake jioni ile ile ya keki, akarudi kibandani kwake akitembea kwa miguu miwili mizima. Selemani, aliyekuwa chumba cha ndani tangu alfajiri, akiwa ameshaoshwa na kuvishwa sanda, alizikwa adhuhuri.