Rangi ya Kabati la Nasra

Fundi Mbaruku alikuwa anapiga msasa mlango wa kabati la jikoni Nasra alipomletea kopo la rangi. Mumewe alikuwa amefiwa na mke kabla ya kumwoa, na nyumba nzima bado ilikuwa ya marehemu. Nasra alitaka jiko, angalau, liwe lake.

"Kijani hii, fundi. Nimeichagua mwenyewe."

Mbaruku alimwonyesha mlango. Chini ya rangi nyeupe ilikuwa imetokeza kijani ileile.

"Labda na marehemu aliipenda, Bi Nasra."

Nasra akarudi dukani, akabadilisha, akaleta buluu. Fundi naye alikuwa ameshafika tabaka la pili. Lilikuwa buluu.

"Unanichezea, fundi! Umeipaka saa ngapi?"

"Msasa haupaki, bibi yangu. Unatoa tu."

Nasra akafumba macho. "Basi njano. Siipendi hata kidogo. Paka njano."

Mbaruku akasugua taratibu, kisha akaacha. Akaugeuza mlango ukatazama ukuta.

"Tutamalizia kesho," alisema.

Akaenda kunawa. Nasra akasimama kando yake, akiyatazama maji ya njano yakizunguka kwenye sinki.