Mwiko wa Jikoni

Tangu fundi Dawit aje kutoka nchi ya mbali na kukubali ujira mdogo, wahandisi wa mtambo wa maji waliamini mishahara yao haitapanda tena. Mmoja wao, dada aitwaye Sikudhani, alikuwa na barua ya kumpinga mfukoni.

Asubuhi hiyo pampu ilitetemeka. Sikudhani aliigusisha bisibisi, akatega sikio kwenye mpini. "Beringi imekufa tena."

Dawit alikwenda jikoni, akarudi na mwiko wa mti, akauegemeza kwenye pampu na kusikiliza. "Beringi ni nzima, dada. Pampu inavuta hewa. Hebu sikiliza kwa mti."

Sikudhani aliupokea. Alisikia kitu kama uji unaotokota. Miaka tisa alikuwa akibadilisha beringi bure.

"Tukiufungia mwiko huu kinasa sauti," alisema taratibu, "pampu itatuambia kabla haijaharibika."

"Hilo hata kwetu hawajalifikiria."

Sikudhani akaitoa ile barua, akaitandaza upande mweupe juu, akaanza kuchora kifaa hicho. Dawit aliishikilia isipeperuke.