Ubia si Ushirika

Twaiba aliingia ukumbini akiwa hana cha kupinga, na jambo hilo lilimtia hofu.

Mwaka uliopita wafadhili wa ng'ambo walifumba mkono, na vikundi vya Kwale vilivyokuwa vikiishi kwa mkono huo vikabaki kutazamana. Ndipo shirika moja la Nairobi likaja na dawa: vikundi viungane, vitie saini mkataba wa ubia, vitafute pesa pamoja kwa njia nyingine. Tangu hapo wawakilishi wao wakawa wanaitwa kila mwezi kwenye hoteli moja ya Diani. Wanakula sambusa, wanajadili, na jioni kila mmoja anapewa bahasha ya nauli.

Sasa, Twaiba hakuwa na haja ya nauli. Alidandia pikipiki ya muuza samaki kutoka Mwabungo, bure. Bahasha yake ilikwenda yote kwenye tangi la tuktuk ya kikundi chake, ile iliyowakimbiza waja wazito hospitali ya Msambweni. Pesa nyingine hazikuwako. Mkataba ukitiwa saini, mikutano imekwisha. Mikutano ikiisha, tuktuk inalala. Na hizo pesa za ubia zingekuja lini? "Baada ya miaka miwili, mitatu," walikuwa wameambiwa. Mbeyu, jirani yake, alikuwa na pacha tumboni, na mwezi wake ni ujao. Mimba haingoji miaka mitatu.

Kwa hiyo Twaiba alikuwa akipinga. Alimpinga mweka hazina. Akapinga akaunti kufunguliwa Ukunda na si Msambweni. Mara ya mwisho alipinga nembo, kwa kuwa samaki aliyechorwa alikuwa anatazama Tanzania.

Lakini Kombe, kijana wa Kinango aliyeendesha mikutano, alikuwa ameahidiwa umeneja wa huo ubia. Leo alikuja kajiandaa.

"Mweka hazina tumembadilisha, mama. Akaunti tumeihamisha. Na samaki tumemgeuza, sasa anatazama Mombasa. Umeridhika?"

"Na atakayeleta fitina leo," alidakia Mwero, mwakilishi wa wavuvi wa Shimoni, "atolewe yeye na kikundi chake. Watu wengine ukiwapa asali watauliza nyuki ni wa nani."

Watu wakacheka. Kombe akaliandika lile la kutolewa, likapita bila ubishi.

"Nimeridhika, mwanangu," alisema Twaiba.

Mbele, peke yake, alikaa Caroline, mkubwa wa Kombe, aliyetumwa na lile shirika la Nairobi kuja kuona jambo linamalizika. Tangu asubuhi alikuwa amefungua kinywa mara moja tu: "Nyinyi maliza, mimi sisumbui." Chai yake ilikuwa imepoa.

"Kuna mwingine mwenye neno?" aliuliza Kombe.

Twaiba alitazama dari. Akatazama sambusa. Hata sambusa leo zilikuwa na nyama. Kombe akainua kalamu, akaifungua, akampelekea Mwero aanze.

Caroline akanyoosha mkono.

"Samahani. Kiswahili yangu ni ya Nairobi. Hii ubia na ushirika, si ni kitu moja?"

Kalamu ilisimama. Mzee Swabir, mwalimu mstaafu wa Msambweni, aliivua miwani yake taratibu.

"Kitu moja?" alisema. "Binti yangu, ubia si ushirika. Wabia hutia mali, kisha wakagawana faida na hasara."

"Hebu ngoja, mwalimu," alisema Mwero, na kalamu akaiweka chini. "Mali gani? Mimi nimetia nini hapa?"

"Wewe umetia hasara."

"Nani hasara? Mimi?"

"Basi andikeni ushirika, tumalize!" alisema mama mmoja wa Matuga.

"Ushirika ulikuwa wa korosho," akajibiwa kutoka nyuma, "na marehemu baba aliingia kaburini akingojea malipo yake!"

"Jamani," alilia Kombe, "ni neno tu!"

Mzee Swabir alisimama. Kwa umri wake hakuwa mtu wa kusimama bila sababu.

"Neno tu? Mbele yangu mimi, unasema neno tu?"

Hapo hapakuwa tena na mkutano. Ilipoadhiniwa alasiri, ukumbi ulikuwa umegawanyika pande tatu: wa ubia, wa ushirika, na wachache waliotaka ushirikiano, ambao hakuna aliyetaka kuwasikia. Kombe aliifunga kalamu yake.

"Tutakutana mwezi ujao," alisema, kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba.

Twaiba alipokea bahasha, akaenda msalani kutia udhu. Moyoni alikuwa akimshukuru Mungu kwa kuumba watu wa bara na kuwanyima lugha. Alikuwa ameosha mkono mmoja wakati mlango ulipofunguliwa akaingia Caroline. Alichungulia kulia na kushoto, akahakikisha hakuna mtu, kisha akaja akasimama karibu naye kwenye karai.

"Shikamoo, Bi Twaiba," alisema kwa sauti ya chini. "Nakuomba, mamangu, mkutano ujao usininyamazie namna ile. Siku mtakapokubaliana nyinyi, mimi sina kazi tena, na nina wanangu wawili wanaonitegemea."