Safu Zimehamishwa Tu

Ukuta wa sebuleni ulimsomea Mzee Shekue habari za kila aliyeingia, maana kichwa chake kilishaanza kuvuja kama chungu kikuukuu. Ulizisoma zilivyopangwa kwenye jedwali la taifa la kumbukumbu za watu, na yeye alishika neno la kwanza tu. Bi Mwanahija akiingia, neno hilo lilikuwa "mkeo," na mzee akachangamka.

Asubuhi hii aliingia na uji, ukuta ukasema, "Mshonaji."

"Karibu, fundi," mumewe akamwambia kwa adabu.

Bi Mwanahija akalitua bakuli mezani. Akawapigia simu wenye jedwali.

"Mama, hatujafuta kitu," binti wa ofisini akamjibu kwa upole. "Safu zimehamishwa tu. Kazi imetangulia, ndoa imekwenda mwisho. Mwambie asikilize mpaka mwisho."

"Mwanangu, huyu hata kitendawili hakifikishi mwisho!"

Mzee alikuwa ameshasimama, mikono ameitanua. "Nipime kanzu, fundi. Mke wangu akirudi anikute nimependeza."

Bi Mwanahija akachukua utepe, akamzungushia kifuani. Kipimo alikipata, lakini mikono hakuiondoa.

"Simama hivyohivyo, mzee wangu," akasema. "Bado sijamaliza."