Kiraka cha Begani

Binti Ngakonda aliilamba nguo mpya ya merikani pembeni, wanga ukabaki ulimini. Akairudisha.

"Hii ikifuliwa mara moja, chandarua," alimwambia mama muuza nguo pale kivukoni Lumemo. "Nipe makuukuu, mama. Nashona blanketi la viraka."

Akachambua rundo, akavuta kaniki moja, akaigeuza apime pindo.

Pindo lilikuwa lake. Uzi mwekundu, mshono wa kurudi nyuma mara mbili. Alimshonea mumewe siku moja kabla hajaenda vitani Mahenge, mwaka juzi. Waliorudi walisema walimwona akianguka.

Bega la kushoto lilikuwa na kiraka asichokijua. Alipopapasa chini yake, kidole kilizama kwenye tundu la duara, la risasi. Aliyekishona alikuwa na subira, mishono midogo kama punje za ulezi.

Lakini katikati kiraka kilikuwa kimelika, nyuzi zimebaki chache. Nguo hulika hivyo kwa mpini wa jembe, msimu baada ya msimu. Mumewe alizoea kubeba jembe bega la kushoto.

"Hiyo ina kiraka," alisema yule mama. "Chukua kwa kambale mkavu mmoja."

"Umeipata kwa nani?"

"Mwanamke mmoja wa Mang'ula. Mumewe amepata nguo mpya."

Binti Ngakonda alifungua kichwani utepe wa msiba, akaukunjua wote juu ya rundo.

"Na huu," aliuliza, "utanipa nini?"