Kesi ya Moshi wa Fisi

Fisi alikuwa na matanuri ya mkaa katika kila kilima cha msitu. Moshi wake ulitanda angani, joto likazidi mwaka hadi mwaka, na chemchemi zikakauka. Pimbi wa kilima kimoja, waliokuwa wamezika watoto waliokufa kwa kiu, wakakutana na kupiga marufuku matanuri kilimani kwao.

Fisi akakimbilia kwa Simba. "Mfalme, anga ni yako. Kilima kinawezaje kuitungia sheria?"

Simba alipenda enzi yake kuliko kitu chochote. "Kweli, anga ni yangu peke yangu," akasema. "Sheria ya pimbi nimeifuta."

Mama Pimbi, aliyekuja na wenzake kusikiliza kesi, akainamisha kichwa. "Tumesikia, Mfalme. Basi na moshi uliomo ni wako. Wenzetu wakituuliza nani aliwaua watoto wetu, tuwajibu nini?"

Simba hakutaka kuiachia anga, wala hakutaka kubeba vifo vile.

"Fisi, zima matanuri," akasema hatimaye. "Msitu mzima."

Fisi alikuja kudai kilima kimoja, akaondoka amepoteza vyote. Pimbi nao walirudi kwao bila vigelegele, wakaanza kuchimba palipokuwa na chemchemi.