Ubao Chini ya Paa

Kitu kilikwaruza darini, taratibu. Umeme ulikuwa umekatika na giza la magharibi lilikuwa likiingia. Mbaraka ndiyo kwanza amalize kugongomea ubao kwenye tundu lililo chini ya paa.

"Si ulisema komba katoka?" Hidaya alimuuliza mumewe.

"Katoka. Nimemwona kwa macho yangu."

Hidaya akampa mtoto wao mchanga amshike, akapanda ngazi, akamulika tochi kwenye mwanya uliobaki kando ya ubao.

"Baba Tatu, kaacha watoto. Wawili."

"Mkojo wao unatudondokea kitandani! Ningetia sumu zamani, sheria tu ndiyo inakataza."

"Usingetia. Bandua, atawahamisha. Nyundo imeshamtisha."

Mbaraka akamrudishia mtoto, akabandua, huku akinung'unika. Wakakaa barazani kimya na binti yao Tatu. Komba akashuka kutoka kwenye mwarobaini, akaingia tunduni, akatoka na mtoto mdomoni, akapotelea kwenye matawi.

Wakangoja. Mbu wakawala. Hidaya alimnyonyesha mwanawe bila kuondoa macho kwenye ule mti. Hapakutikisika jani.

Mwishowe Mbaraka akasimama, akaokota ubao na nyundo, akakanyaga ngazi.

Tatu akamshika pindo la shati.

"Baba, bado mmoja."